Gome Lisilo na Buibui

Bwana Buibui alifika Ifakara kiangazi cha mwaka hamsini na saba, na masanduku mengi kuliko daktari, lakini hakuja kutibu mtu. Alikuwa na jina lake la kwao, refu, la kukwaruza koo. Sisi tulimpa hilo la Buibui, na alipolisikia alicheka akasema linamtosha.

Alikuja kutafuta buibui wanaojificha. Bondeni kwetu wapo wa namna nyingi, ila aliyemnyima usingizi ni yule wa vichaka vya mto Lumemo. Mchana hukunja miguu, akajibana kwenye kijiti, akawa kama kifundo cha tawi lililovunjika zamani. Rangi ya gome, vinundu vya gome, hata vumbi lake ni la gome. Unaweza kukata kuni ukamtwika kichwani ukafika naye jikoni. Jua likishazama ndipo anakunjua miguu na kutandaza utando mpana kuliko mlango wa kanisa.

Mimi wakati huo sikuwa na kazi. Nilikuwa nimefukuzwa kwenye mashine ya kukoboa mpunga kwa sababu ya swali. Niliuliza mbele za watu kwa nini mtu mwenye mvi na wajukuu aitwe boi. Hawakunijibu, walinionyesha njia. Kusoma nilijifunza kwenye magazeti yaliyofungia sukari dukani, ndiyo maana habari zangu nyingi hazikuwa na mwisho. Mwisho ulikuwa umekwenda na sukari ya mtu mwingine. Lakini nilikuwa na mkono usiotetemeka, na Bwana Buibui alikuwa anatafuta mtu wa kumbebea kamera na kumshikia kioo. Akaniuliza jina. Nikamwambia Kelestini. Tukaanza.

Picha zake za kwanza zilikuwa aibu tupu. Alizipiga saa sita mchana, jua likiwa utosini, na alipoona hazifai akaleta taa zake za kuwaka mara moja na kufa. Akaisafisha filamu kwenye chumba alichoziba dirisha kwa mablanketi, kwa maji tuliyoyapoza kwenye mtungi, maana joto la kwetu linayeyusha filamu kama siagi. Akaining'iniza, akaitazama, akaketi. Katikati ya kila picha palikuwa na buibui, na katikati ya kila picha palikuwa na gome.

"Mwanga ukimjia usoni, anapotea," aliniambia. Alikuwa akisema Kiswahili polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Ukimjia ubavuni, kila kinundu kinatupa kivuli chake. Hapo anasimama. Na nyuma yake nataka giza. Giza la kweli, si la kitambaa."

Kitambaa cheusi tulikijaribu. Upepo wa Lumemo ukakipeperusha, kijiti kikatikisika, picha ikawa ukungu.

Verediana ndiye aliyeleta giza, naye alikuwa ameleta samaki. Alikuwa binti wa Mzee Pantaleo, mvuvi wa migono, ile mitego ya kusuka, Mndamba wa majini hasa. Alikuja njia ya mtoni asubuhi, kapu la perege kichwani, akasimama nyuma yetu aone tunachokiinamia. Kivuli chake kikaanguka juu ya shina lililokuwa nyuma ya kijiti, na buibui, ambaye nilikuwa nimemmulika kwa kioo kutoka ubavuni, akatokea ghafla kama mtu aliyeitwa jina.

"Simama hapo hapo!" Bwana Buibui alipiga kelele.

Kapu likaanguka. "Nimefanya nini jamani?"

"Kivuli! Kivuli chako! Usikiondoe!"

Verediana akanigeukia. "Kaka, huyu anadai kivuli changu?"

"Mpe," nikasema. "Ndicho kitu pekee ambacho hawajakitoza kodi."

Akacheka. Sikuwahi kumchekesha mtu nikaona fahari namna ile. Samaki wakiwa wametapakaa majanini, akasimama tuli kama nguzo ya boma mpaka Bwana Buibui akamaliza.

Kumbe alikuwa fundi wa jambo lile bila kujua ni ufundi. Baba yake alikuwa amemfundisha tangu mdogo kwamba kivuli kikitangulia juu ya maji, samaki wanapata habari. Basi yeye, popote alipokuwa, alijua kivuli chake kimelala wapi, kama mtu anavyojua mkono wake uko wapi gizani. Ukimwambia "shina lote, ila usimguse buibui," alikuwa anahamisha bega moja, anainamisha kichwa, na kivuli kinakaa pale pale, ukingo wake ukipita kando ya miguu ya yule mdudu kwa unene wa uzi. Bwana Buibui akamwajiri siku ile ile.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi kiangazi kile. Jua nililishika mimi kwa kioo cha kunyolea, giza alilishika yeye kwa mgongo wake, na katikati yetu palikuwa na kijiti na mdudu mmoja asiye na haraka. Hatukuweza kusema kwa sauti, maana hata pumzi inatikisa kijiti. Tulinong'ona. Mpaka leo, nikisikia watu wakinong'ona kanisani, nageuka.

"Bwana Mkutano," alikuwa akiniita, kwa sababu jioni nilikuwa nawasomea watu magazeti yangu ya sukari na kuwaeleza habari za chama cha kudai uhuru, ambacho ndiyo kwanza kilikuwa kinaingia Ifakara. "Leo utatukomboa saa ngapi? Nina mpunga wa kutwanga."

"Nikikukomboa utatwangiwa."

"Na nani? Wewe?"

"Mimi."

"Uongo wa mkutanoni huo," alinong'ona, na kivuli kikatikisika kidogo kwenye shina, na Bwana Buibui akaguna.

Sikuwa na picha ya Verediana. Hiyo ndiyo iliyokuja kunitafuna. Baba yangu alichukuliwa vita vya Hitla nikiwa sijabalehe. Walikuja wakamtaka, akaenda, hakurudi, na hakuna ofisi iliyoona haja ya kutupa hata picha aliyopigwa akiwa na sare zao. Nilidhani sitaisahau sura yake. Ilinitoka pua kwanza, halafu macho, mwisho nikabaki na mgongo unaokwenda. Nilijua basi jinsi sura inavyotoka. Kila nilipomtazama Verediana akiwa amesimama juani nilikuwa kama mtu anayejaribu kubeba maji kwa viganja kutoka Lumemo hadi Kiberege.

Nilimwomba Bwana Buibui ampige picha moja. Alikataa kwa adabu. Filamu ilikuwa ya buibui, na tena kamera yenyewe ilikuwa haiwezi. Ilikuwa imefungwa pete ndefu ya chuma mbele ya lenzi ili iweze kuona vitu vidogo kwa karibu. Pete hiyo iliangukia tope la mto wiki za mwanzo, ikaota kutu, ikashikana na kamera. Alijaribu koleo, alijaribu mafuta ya taa, akaachana nayo. "Haidhuru," alisema. "Buibui hawahitaji umbali." Tangu hapo kamera ile iliweza kuona kitu kimoja tu, kisichozidi kiberiti, ukikisogelea mpaka karibu ukiguse.

Mwezi wa kumi nilivaa shati langu zima nikaenda kwa Mzee Pantaleo. Nilimkuta akisuka mgono.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Kelestini. Mkutano umehamia kwangu?"

Nikamweleza nilichofuata. Aliendelea kusuka mpaka nikadhani hajasikia.

"Mwanangu," akasema, "sina neno na wewe. Wewe ni kijana safi, una akili, unasoma mpaka karatasi za sukari. Lakini mdomo wako utakupeleka gerezani Mahenge. Mimi Verediana nampeleka Mahenge hiyo hiyo, ila kwenye nyumba ya bati. Mwalimu Viktor ameshaleta watu wake, na padre ameshatangaza ndoa huko kwao."

"Basi sote tutafika Mahenge," nikasema.

Alicheka hadi mgono ukamtoka mkononi, kisha macho yake yakawa na huruma, na huruma ile ndiyo iliyonimaliza. Kama angenitukana ningejua la kufanya. Matusi nilikuwa nimeyazoea, nilikuwa na majibu yake. Nilitoka pale nikiwa na hasira na dunia nzima: mashine ya mpunga, mkuu wa wilaya, vita vya Hitla, bati.

Siku ya kuamkia safari ya kumpeleka Verediana Mahenge, Bwana Buibui alikuwa kitandani, malaria imemshika anatetema chini ya mablanketi yale yale ya dirisha. Aliniita. Filamu ilikuwa imebaki na picha moja. Kulikuwa na buibui jike kwenye kijiti fulani ambaye yeye alikuwa akimngojea siku nyingi, na aliogopa ataondoka. "Nenda wewe," alisema. "Mkono wako ni mzuri. Chukua binti. Mwanga wa jioni, wa ubavuni."

Verediana alikuja. Hakutakiwa kuja, kwao walikuwa wanafunga mizigo ya kuwahi pantoni asubuhi, lakini alikuja, na kitenge kipya ambacho sikukipenda kwa sababu nilijua kimetoka kwa nani. Tulikwenda hadi kwenye kichaka. Buibui alikuwepo, amejikunja, anajifanya tawi. Nikasimamisha miguu ya kamera. Nikashika kioo. Kisha nikakiweka chini.

"Sitampiga huyu," nikasema. "Nakupiga wewe."

"Bwana wako atakuua."

"Anatetemeka, hana nguvu."

Akatazama kamera, akanitazama mimi. Alijua pete imeshikana, alikuwepo wakati wa koleo. "Mimi mzima siingii humo."

"Najua."

"Basi utachukua nini? Pua? Pua hii ni ya bibi yangu, watakuja kuidai." Alikuwa anatania, lakini sauti yake ilikuwa imekonda. "Jicho? Nikawe na jicho moja ukutani kwako, nikuangalie ukila?"

"Jicho ningelipenda."

"Hapana, Kele." Ndiyo mara ya kwanza aliponiita hivyo. "Fikiri. Mwaka kesho mtu anaingia kwako, anaona jicho la mke wa Mwalimu Viktor. Unadhani watasema ulilipata wapi? Baba yangu atauficha wapi uso wake? Mimi nitarudishwa na vyombo vyangu." Akamtazama yule mdudu kwenye kijiti. "Nipige kama unavyompiga huyu. Niwepo, na asinione mtu."

Akanyoosha mkono wa kushoto, akaugeuza kiganja juu, akaulaza kwenye tawi. Chini ya kiganja, ndani ya kifundo cha mkono, kulikuwa na chale. Alichanjwa utotoni alipoumwa na nge akakaribia kufa, mistari midogo midogo, ya zamani, imefifia. Ukimsalimia mchana huzioni. Nilikuwa namjua tangu kiangazi kinaanza, na nilikuwa nimeziona mara moja tu, alipokuwa akiokota wale perege.

Nikainama kwenye kamera. Jua la jioni lilikuwa linakuja chini chini juu ya mpunga wa Lumemo, la rangi ya mafuta ya mawese. Mwanzoni sikuona kitu, ngozi tu, laini, kama ukurasa. Nikashika kioo kwa mkono wa kushoto nikalirudisha jua kutoka ubavuni, chini zaidi, chini zaidi, mpaka likawa linaukwaruza mkono ule badala ya kuuangukia. Hapo chale zikainuka. Kila moja ikatupa kivuli chake. Ngozi ikawa na mabonde na matuta, ikawa na vinyweleo vilivyosimama kama majani, na mshipa ukapita katikati kama mzizi.

"Sasa giza," nikasema. "Nyuma yake."

Akainamisha kichwa. Kivuli cha kichwa chake kikaja taratibu juu ya tawi, kikajaza pale nyuma ya mkono, kikasimama. Hakikugusa chale hata moja.

Mshipa ulikuwa unapiga. Kwenye kamera ulionekana mkubwa, kama kitu kilichofunikwa kinachotaka kutoka. Ilibidi nisubiri katikati ya pigo na pigo ili picha isitikisike. Nilisubiri zaidi ya ilivyohitajika. Naye alijua.

Nikabonyeza.

Asubuhi walivuka. Sikwenda kivukoni. Watu waliniambia pantoni ilichelewa kwa sababu ya ng'ombe wa mtu, na kwamba Verediana alikaa juu ya mizigo kwa muda mrefu upande wa huku. Habari hiyo ningependelea nisiipate.

Bwana Buibui alipopata nafuu aliisafisha filamu mwenyewe. Nilimshikia mtungi. Aliitazama picha ya mwisho dhidi ya dirisha, akaichapa kwenye karatasi, akaileta mezani, akachukua kioo cha kukuza.

"Gome zuri," alisema. "Mwanga wa ajabu, Kelestini. Ulipiga wapi?"

"Lumemo, Bwana."

"Na yeye yuko wapi?"

Mimi niliyefukuzwa kazi kwa swali moja. Mimi niliyekuwa simwachii mkuu wa wilaya amalize sentensi. Ningeweza kusema: hilo si gome, hilo ni letu, lirudishe. Lakini kulidai ilikuwa ni kulitaja, na kulitaja ilikuwa ni kumtaja, na mpishi wake alikuwa mlangoni na sinia, na mpishi yule alikuwa na mdomo kama tarumbeta.

"Amejificha, Bwana," nikasema.

Akainama tena. Akatafuta. Alianzia kona ya juu, akashuka polepole, akapita kwenye chale zote, akapita kwenye mshipa. Nilitamani kumpokonya kioo. Mwisho akainua kichwa, macho yanang'aa kama mtu aliyetaniwa na rafiki. "Huyu ni bingwa wao! Yumo, lazima yumo. Nitamtafuta huko kwetu, nina vioo vikubwa zaidi." Na filamu ikaingia sandukuni.

Nikaomba karatasi ile.

"Hii? Chukua ile nyingine, ambayo anaonekana."

"Nipe zote mbili."

Akanipa. Alipoondoka aliniambia buibui wa Lumemo atapewa jina la mwalimu wake wa zamani, mzee mwema aliyefariki. Nikamuuliza kama mwalimu huyo aliwahi kuumwa na mbu wa Lumemo. Akasema hapana, hakuwahi kutoka mji wao. Basi mpaka leo mdudu wetu anaitwa kwa jina la mzee wa huko, na huko huko, ndani ya sanduku, umo mkono wa Verediana wanautafutia buibui. Watu wengi wamechukuliwa kutoka bonde hili nami nikapiga kelele kwa kila mmoja. Huyu ndiye niliyemnyamazia.

Picha nilizitundika ukutani, zote mbili. Waliokuja kwa mambo ya chama waliiona ya kwanza, wakashangaa. Ya pili walitafuta wakachoka.

Mwaka hamsini na tisa, kiangazi tena, alikuja Mwalimu Viktor. Alikuwa amevuka na baiskeli kutoka upande wa Lupiro, suruali imejaa vumbi, kunitaka niende nikahutubie huko. Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya, ingenisaidia. Alikuwa mtu mpole, mwenye kusikiliza, na alikuwa ametukanwa na wakubwa wake kwa ajili ya chama kuliko wengi waliokuwa wanapiga makofi.

"Mke wangu anakusalimu," alisema, akipokea maji. "Ananiambia mlifanya kazi pamoja kwa yule mzungu."

"Tulifanya. Hajambo?"

"Hajambo kabisa. Yuko na mtoto mgongoni."

Nilitaka kumuuliza kama bado anapepeta kwa mkono wa kushoto. Nilitaka kumuuliza kama anapopita mtoni bado anaangalia kivuli. Nikamwongezea maji.

Alisimama, akaenda ukutani. "Huyu namwona. Mungu wangu, ana ndevu! Na hii nyingine?"

"Hiyo tafuta."

Akainama karibu, mikono nyuma, kama mwalimu juu ya daftari la mwanafunzi. Jua la jioni lilikuwa linaingia mlangoni kwa ubavu, kama linavyoingia kwangu saa ile, na mgongo wake ulikuwa umelikata lote. Picha ilikuwa nyeusi mbele yake.

"Sioni kitu."

"Sogea kidogo, Mwalimu. Unaziba mwanga."

Akasogea. Jua likafika ukutani, likapanda kwenye karatasi kutoka pembeni, na zile chale zikainuka moja baada ya nyingine. Nikashikilia ukingo wa meza. Uso wake ulikuwa karibu nazo kuliko uso wangu ulivyowahi kuwa. Alizitazama kwa uangalifu, kwa haki, juu mpaka chini.

"Gome tupu," akasema. "Labda alikuwa ameshaondoka."

"Labda."

"Ni mti gani?"

"Ulikuwa hapa Lumemo. Siku hizi haupo."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema watu wanamaliza miti, akaenda kuegemeza baiskeli yake vizuri. Mimi nilibaki pale mpaka jua likatoka kwenye picha.